Ukomavu wa mifupa

Anayefuatilia soka ya vijana amekwisha kusikia habari za kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono. FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009, na kijana ambaye picha yake inaonyesha mfupa wa kifundo umeshafunga kabisa hukatwa jina, hata cheti chake cha kuzaliwa kiseme nini. Madaktari wa mgongo nao hutazama mifupa hiyohiyo ya mkono, kwa eksirei ya kawaida, ila swali lao ni jingine. Kwenye soka wanataka kujua kijana ameishi miaka mingapi. Daktari anayemtibu mtoto mwenye skoliosi anataka kujua amebakiza kurefuka kiasi gani.

Skoliosi ni kupinda kwa uti wa mgongo kuelekea ubavuni, huku pingili zenyewe zikijisokota. Si kibiongo. Kibiongo hutokeza nyuma, nacho unakiona vizuri ukimtazama mtu kwa ubavu. Skoliosi huonekana zaidi ukisimama nyuma ya mtoto. Bega moja limepanda, kiuno kimejikata zaidi upande mmoja kuliko wa pili, na akiinama mbele bila kukunja magoti, mbavu za upande mmoja zinainuka. Mpindo hupimwa kwa digrii kwenye picha, kwa njia aliyoieleza Mmarekani John Cobb mwaka 1948, na ukifika digrii 10 ndipo huitwa skoliosi. Katika vijana 100, wawili au watatu hivi wanao, na kwa walio wengi chanzo hakijulikani. Kinachojulikana ni kwamba mpindo huongezeka zaidi mtoto anapokua kwa kasi. Mwaka 1984 Lonstein na Carlson walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 727. Kwa wale wenye mpindo wa digrii 20 hadi 29 ambao mifupa yao ilikuwa bado michanga, 68 katika kila 100 waliongezeka mpindo. Kwa wenye digrii hizohizo ambao mifupa ilikuwa imeshasogea mbele, walioongezeka walikuwa 23.

Hali hii ya mifupa, kuwa michanga au kusogea mbele, kwa Kiswahili inaweza kutajwa kwa namna mbili: umri wa mifupa na ukomavu wa mifupa. Hazisemi jambo moja. Umri wa mifupa ni hesabu ya miaka: picha ya mkono wa kushoto wa mtoto inalinganishwa na picha za kitabuni, halafu linatolewa jibu, tuseme miaka 11 na nusu. Kitabu mashuhuri cha kazi hiyo, atlasi ya Greulich na Pyle, kilitoka mwaka 1950, na picha zake ni za watoto wa Kizungu wa familia zenye nafasi huko Cleveland, Marekani, waliopigwa eksirei miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mtoto wa Mbeya au Kisumu akiambiwa mifupa yake ina miaka 11 na nusu, maana yake inafanana na ya mtoto wa Cleveland wa zamani zile. Mzazi asiyeelezwa hivyo ataanza kubishana na tarehe: “Dokta, huyu nimemzaa mwenyewe, ana kumi na tatu.” Na ana haki.

Ukomavu hauhesabu miaka, unataja hatua. Watu wa pwani wanaujua utaratibu huo kwenye mnazi: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Hakuna anayeuliza dafu lina miezi mingapi; mkwezi hutazama tu, akajua limebakiza nini kabla ya kuwa nazi. Kwa skoliosi, basi, mimi nachagua ukomavu wa mifupa, na umri wa mifupa ubaki pale ambapo jibu ni miaka kweli. Upevu nao ni neno zuri, lakini kupevuka kwa kijana kumeshabeba habari za akili na kubalehe, mambo ambayo mifupa haiendi nayo sambamba kila mara.

Kinachokomaa ni nini hasa? Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka la gegedu linalozalisha urefu. Tuliite gegedu la ukuaji. Kuliita sahani, kwa kufuata Kiingereza, kutampeleka msomaji jikoni. Eksirei hailionyeshi lenyewe, bali huacha ufa mweusi kati ya mfupa na kipande cha ncha yake. Kazi yake ikiisha, ufa unazibika, na hapo ndipo tunasema mfupa umefunga.

Kipimo cha ukomavu kilichozoeleka zaidi ni cha Joseph Risser, pia wa Marekani, aliyekieleza mwaka 1958. Uzuri wake ni kwamba picha ya mgongo kwa kawaida huchukua na ukingo wa juu wa nyonga, kwa hiyo mtoto hapigwi eksirei ya pili. Juu ya ukingo huo hutokea utepe mwembamba wa mfupa mpya, ukianzia nje na kusogea kuelekea uti wa mgongo. Ukifunika hadi robo ni Risser 1, hadi nusu ni 2, hadi robo tatu ni 3, ukingo wote ni 4. Ukishikamana na nyonga ni 5. Wafaransa hugawa kwa theluthi, hivyo Risser 3 ya Paris si lazima iwe Risser 3 ya Chicago.

Taabu iko kwenye sifuri, yaani kabla utepe haujaonekana. Utepe huo huanza kuonekana wakati kilele cha kasi ya kurefuka kimeshapita. Kilele chenyewe huwajia wasichana kwenye miaka 12 hivi na wavulana kwenye 14, na kwa kawaida msichana huvunja ungo baada yake, si kabla. Risser 0, kwa hiyo, inawaweka kapu moja mtoto ambaye hajaanza kurefuka, aliye katikati ya kasi, na aliyekwisha kuipita. Masikioni sifuri ni kama hakuna kitu, kumbe ndimo hatari ilimojaa. Baadhi ya madaktari huigawa kwa kutazama gegedu lenye matawi matatu lililo kwenye kikombe cha nyonga, ambalo hufunga karibu na wakati wa kilele.

Wengine hurudi mkononi. Mwaka 2008 James Sanders na wenzake walitoa hatua 8 zinazosomwa kwenye vidole. Mwanzoni kipande cha ncha huwa chembamba kuliko mfupa kinaoukalia. Kinapanuka mpaka kulingana nao, kisha kingo zake zinainama na kuukumbatia. Vidole vingi vikifika hapo ni hatua ya 3, na mtoto yumo kwenye kipindi cha kasi. Pingili za nchani mwa vidole zikianza kufunga ni ya 4, zikifunga zote ni ya 5. Hufuata pingili za kati na za shinani, mpaka ubaki wazi mfupa mmoja tu wa kifundo, ule wa upande wa dole gumba. Huo ukifunga, ni ya 8.

Hatua hizi za ukomavu, pamoja na digrii za mpindo, ndizo zinazoamua nani avae koti gumu la plastiki la kuzuia mpindo. Kwa kawaida hupewa mwenye digrii 25 hadi 40 ambaye bado yuko Risser 0 hadi 2. Aliyefika 4 hapewi, kwa sababu koti hufanya kazi kwenye mfupa unaokua. Katika utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013, kufaulu kulikuwa kufika ukomavu wa mifupa kabla mpindo haujafika digrii 50. Waliovaa koti walifaulu 72 katika 100, waliofuatiliwa tu 48.

Neno lina mpaka wake pia. Mfupa kukomaa si mpindo kukoma. Mpindo ulio chini ya digrii 30 mara nyingi hutulia mifupa ikishafunga, lakini wa kifuani uliopita 50 huweza kuongezeka polepole ukubwani, pengine digrii moja kwa mwaka, na ndiyo sababu upasuaji huanza kuzungumzwa kwenye digrii 45 hadi 50.