Makasia Yalikuwepo Kabla ya Jimu

Mashine ya kupiga makasia imejijengea sifa ya kuwa mchezo wa wenye nafasi: mtu analipa ada jimu, anakaa kwenye kigoda kinachoteleza, anavuta mnyororo na hasogei hata hatua moja. Mwanza ina sababu ya kuitazama kwa jicho jingine. Hapa kupiga kasia kulikuwa usafiri, uvuvi na hata vita, na mwili uliofanya kazi hiyo ulijengeka bila mwalimu. Kwa maoni yangu mashine hiyo haikutuletea zoezi jipya. Inaturudishia, tena kwa malipo, sehemu ya kile tulichokipoteza injini ilipoingia ziwani.

Ushahidi haupo mbali. Machi 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kageye, mashariki ya Mwanza, kulizunguka ziwa kwa Lady Alice, mashua iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani. Sifa alijitwalia yeye, ila makasia yalivutwa na wanaume waliosafiri naye tangu Zanzibar, na mzunguko uliwachukua karibu miezi miwili. Baadaye mwaka huohuo Lukonge, mtawala wa Ukerewe, alimpa mitumbwi ya kuuvusha msafara kuelekea Buganda. Mitumbwi mikubwa ya ziwa ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi, hivyo ilivuja, na mtu mmoja hakuwa na kazi nyingine ila kuchota maji. Wapiga kafi walikaa wawiliwawili wakitazama mbele: kafi linachomwa majini mbele ya goti, kiwiliwili kinageuka, linavutwa hadi usawa wa nyonga, linatolewa, basi linachomwa tena. Wamisionari Wakatoliki, Padri Lourdel na Bruda Amans, walivushwa hivyo kutoka Kageye, wakafika Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879, baada ya wiki kadhaa za kuambaa na pwani.

Mjuzi wa michezo atapinga kwamba kafi na mashine ni vitu viwili. Ana haki. Mpiga kafi hutumia zaidi mabega, mgongo na misuli ya ubavu, na miguu humsaidia tu kujikaza. Kwenye mashine miguu ndiyo inayoanza: unasukuma, mgongo unafuata, mikono inamalizia kwa kuvuta mpini hadi chini ya mbavu. Wengi hukosea kwa kuanza na mikono, kisha wanalalamika kiuno. Ila moyo na mapafu havijui tofauti hiyo. Kinachovijenga ni kazi ya mdundo inayotumia misuli mingi kwa muda mrefu, na katika hilo mtumbwi na mashine ni ndugu. Mashine inazidi kwa kuwa haielemei upande mmoja na haiyagongi magoti kama kukimbia kwenye lami.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wale wa zamani hawakufanya mazoezi, walifanya kazi, na wengine walilazimishwa. Kuwasifia afya ni kuwapamba wachovu. Nakubali, na ndiyo maana siulilii mtumbwi. Meli za mvuke, reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, injini za kufunga nyuma ya mitumbwi, na sasa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, vyote vimeokoa migongo na roho za watu. Lakini jasho liliondoka pamoja na adha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Mvuvi wa dagaa anayekwenda kwa kasia huzimaliza bila kuzihesabu. Karani wa mjini hana budi kuzitafuta.

Basi kwa nini karani huyo asishuke ziwani tu? Mashindano ya mitumbwi ya Kanda ya Ziwa, ya wanaume na ya wanawake, yanaonyesha kwamba ufundi haujafa. Lakini washindani wengi ni watu waliolizoea ziwa tangu utotoni. Maji ya ufukweni yana kichocho, na upepo huweza kugeuka ghafla mbali na nchi kavu. Kwa asiye na mazoea hayo, dakika 20 jimu, mara kadhaa kwa wiki, ni biashara ya busara kuliko ushujaa wa Jumamosi moja.