Otodidakti na Mtihani wa Dola: Njia ya Mtu Mzima wa Kiwanja

Katika mji wa Kiwanja, wilayani Rutshuru, kaskazini mwa Goma, mtu mzima aliyekatizwa shule ya sekondari hahitaji kurudi darasani ili afike chuo kikuu, kwani sheria ya Kongo inamruhusu kuingia katika Mtihani wa Dola kama mtahiniwa wa kujitegemea, yaani mtu aliyejisomea mwenyewe, ambaye Wakongo humwita otodidakti.

Mtihani huo, maarufu kwa jina la Exetat, ulianza katika mwaka wa masomo wa 1966-1967. Kabla ya hapo kila shule ilitoa cheti chake, kisha serikali ikakithibitisha, utaratibu uliofaa wakati shule za sekondari zilipokuwa chache na nyingi zikiwa mikononi mwa misheni. Lakini baada ya uhuru wa 1960, ambao uliikuta nchi ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiozidi 30, shule ziliongezeka upesi kiasi kwamba thamani ya vyeti vyao haikulinganika tena. Ndipo ukawekwa mtihani mmoja kwa nchi nzima, na maswali yake kutoka Kinshasa.

Otodidakti hupita kwanza katika mtihani wa awali, ambao mwanafunzi wa kawaida haufanyi, na akifaulu huandika insha ya Kifaransa, kisha hukutana na kile kinachoitwa aitemu, yaani maswali ambayo kila moja hufuatwa na majibu kadhaa na mtahiniwa huchagua moja. Aitemu za miaka iliyopita, zilizotolewa fotokopi mara nyingi hata herufi zikafifia, ndizo mwalimu wake mkuu, na pengine si mwalimu mbaya. Anayepata asilimia 50 hupewa diploma ya Dola, na siku matokeo yanapoingia kwenye simu, jamaa humwagia poda nyeupe kichwani, awe kijana au mzazi wa watoto.

Kwa nini njia hii ina uzito Kiwanja? Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mnamo Novemba 2008, watu wapatao 150 walipouawa mjini humo, alikuwa na miaka 14 waasi wa M23 walipoiteka Rutshuru mwaka 2012, na miaka 24 waliporudi Oktoba 2022. Kwa mtu kama huyo, kuacha shule hakukuwa uzembe.

Hata hivyo, Exetat humuuliza mtu mzima yale yale anayoulizwa kijana wa darasani, wala haijali alichojifunza kazini. Mwaka ule ule wa 1967, nchini Marekani, shirika la College Board lilianzisha CLEP, mitihani ambayo anayeifaulu huhesabiwa krediti, yaani vipimo vya kazi ya masomo vinavyojumlishwa hadi shahada, kana kwamba ameketi darasani. Huko Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere nacho kina mtihani wake wa kujiunga kwa watu wenye umri wa miaka 25 na zaidi, ingawa huo pia, kama Exetat, hufungua mlango tu.

Vyuo vikuu vya Kongo vilipopokea kwa jumla mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat) mnamo 2021-2022, navyo vikaanza kuhesabu masomo kwa krediti, 180 kwa shahada ya kwanza. Otodidakti aliyeuguza wagonjwa miaka kumi, akiingia kitivo cha tiba, huanza na sifuri, sawa na jirani yake wa miaka 18.