Nyanya za Ngazi

Utotoni niliamini kuwa mmea hula udongo. Hata Mwingereza John Woodward aliona hivyo mwaka 1699, baada ya kuotesha mnanaa katika maji ya mvua, ya mto Thames na yaliyokorogwa udongo. Wa maji ya udongo ndio uliositawi zaidi. Miaka ya 1860 Wajerumani Sachs na Knop wakaonyesha kuwa chakula chenyewe ni chumvichumvi zilizoyeyuka: za naitrojeni, fosforasi, potasiamu na nyinginezo.

Kisha akaja William Gericke wa Chuo Kikuu cha California. Miaka ya 1930 nyanya zake za majini zilirefuka hata zikachumwa kwa ngazi, na magazeti yakavuma. Chuo kilipotaka kanuni yake alikataa, akidai kazi hiyo aliifanya kwa saa zake mwenyewe. Uchungu wake nauelewa, lakini simwungi mkono. Chakula si hirizi.

Wenzake Hoagland na Arnon wakaanza upya, na mwaka 1938 wakachapisha kijitabu chenye vipimo vyote, wakikiri kwamba udongo mzuri hauzidiwi mavuno. Hadi leo maabara huchanganya maji ya Hoagland.