Mifupa miwili ya juu ya shingo na jinsi inavyobeba kichwa

Shingo yako ina pingili saba, idadi ileile aliyo nayo twiga. Mbili za juu kabisa, zilizo chini ya fuvu, hazifanani na nyingine, nazo ndizo zinazopokea kichwa chenye uzito wa kilo 4 hadi 5.

Ya kwanza inaitwa atlasi. Ina umbo la pete, na juu yake kuna vibonyeo viwili ambamo fuvu limekaa. Unapoitikia "ndiyo" kwa kichwa, fuvu linabembea katika vibonyeo hivyo. Ya pili, aksisi, ina kijiti cha mfupa kilichosimama na kuingia ndani ya pete ya atlasi. Unapokataa kwa kutikisa kichwa, atlasi na fuvu huzunguka pamoja kwenye kijiti hicho. Karibu nusu ya uwezo wa shingo kugeuka unatoka hapo.

Nyuma ya kijiti hupita ugwe mgongo, unaopeleka amri za ubongo mwilini, hata ile ya kupumua. Kijiti kinashikiliwa mahali pake na ukano mfupi. Ukano ukikatika au kijiti kikivunjika, ugwe unaweza kubanwa, na mtu akapooza au akaacha kupumua.

Kwa hiyo ukimkuta mtu ameanguka kwenye bodaboda, juu ya mwembe au juu ya paa, usimwinue wala usimkalishe ili anywe maji. Huruma hiyo imewaumiza wengi. Mwambie asitikise kichwa. Ajibu kwa mdomo. Piga magoti nyuma ya kichwa chake, ukishike kwa mikono miwili kama ulivyokikuta, na mwenzako aite wahudumu wa afya. Ikibidi kumhamisha, kwa mfano kuna moto, mbebeni watu kadhaa, kichwa na kiwiliwili viende pamoja. Ganzi mikononi, miguu kukosa nguvu au mkojo kutoka wenyewe ni dalili za hatari, hata kama anaongea vizuri.

Na kinyozi anayemaliza kazi kwa kukuvunja shingo mpaka ilie? Mkatalie. Mishipa miwili ya damu iendayo kwenye ubongo hupita katika matundu ya pingili hizi, na msokoto wa ghafla unaweza kuuchana mmojawapo. Ukibeba ndoo ya maji juu ya ngata, usigeuze kichwa peke yake ukiitwa: geuka na mwili wote.