Vipande Vinavyohama Ndani ya Mwanzi

Wengi wenu mnajua kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo msishangae leo nikiwaletea habari za mmea. Mwaka 2013 wanasayansi wa Uchina walichapisha katika jarida la Nature Genetics jenomu ya mwanzi wa moso, ule mrefu wa kwao (si huu wetu wa Aberdare). Ni herufi kama bilioni 2.05 za DNA. Kilichonivutia ni kwamba takriban asilimia 59 ya herufi hizo ni transposoni, yaani vipande vinavyojinakili au kujing'oa na kwenda kujibandika kwingine.

Aliyevigundua ni Barbara McClintock wa Marekani, miaka ya 1940, akichunguza rangi za punje za mahindi huko Cold Spring Harbor. Alichapisha makala mwaka 1950, na wenzake wengi hawakumwelewa. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983, akiwa na miaka 81. Hakutumia tarakilishi, alikuwa na shamba, hadubini na subira.

Sisi tunazo tarakilishi, na bado kazi ni ngumu. Njia ya kwanza ni kama ya kamusi. Katika miaka ya 1990 Jerzy Jurka alikuwa akikusanya Repbase, hazina ya vipande vinavyojulikana. RepeatMasker, programu ya Arian Smit, hulinganisha jenomu na hazina kama hiyo, kisha hufunika vinavyofanana kwa herufi N. Lakini mwanzi, ingawa ni jamaa ya mpunga na mahindi, una vipande vyake wenyewe, na kamusi ya mpunga huvipita bila kuvitambua.

Basi zikaja programu zinazotafuta umbo badala ya tahajia, kwa mfano LTR_FINDER ya mwaka 2007. Retrotransposoni nyingi za mimea zina ncha mbili zinazofanana, kila moja kwa kawaida ikianza na TG na kuishia na CA. Programu husaka jozi hizo. Na hapa ndipo panaponifurahisha mimi: siku kipande kinapojibandika, ncha zote mbili huwa sawa kabisa, halafu kila moja huanza kubadilika kivyake. Zilinganishe kama unavyolinganisha matoleo mawili ya faili moja, hesabu tofauti, nawe utakadiria umri wake.

Kwa nini tujisumbue? Vipande hivi hubeba maagizo ya kutengeneza vimeng'enya vyao. Usipovifunika, programu ya kutafuta jeni itavihesabu kuwa jeni za mwanzi. Ukifunika kupita kiasi, unazika jeni halali. Tena nakala nyingi zinazofanana huvuruga uunganishaji wa DNA iliyosomwa vipande vifupi vifupi. Timu ya 2013 ilihesabu jeni 31,987. Toleo la 2018, lililopangwa katika kromosomu 24, lilihesabu 51,074, na mmea ni uleule.