Hesabu ya Watu wa Kisumu

Msomaji, wewe ukaaye Manyatta au penginepo karibu na Ziwa Victoria, yafaa ujue kwamba kuhesabiwa si jambo dogo. Katika miaka ya mwanzo ya ukoloni serikali ilihesabu nyumba ili itoze kodi, na kwa hesabu hiyo ikakisia idadi ya Waafrika. Hesabu za watu za 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwaandika wasio Waafrika tu. Mwaka 1948 ndipo Waafrika wa Kenya walipohesabiwa kwa mara ya kwanza pamoja na wengine.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, 2019, watu walihesabiwa tena. Katika kaunti ya Kisumu walikuwa 1,155,574: wanaume 560,942, wanawake 594,609, na watu 23 ambao maumbile yao si ya kike tu wala ya kiume tu. Hawa walikuwa hawajapata kuandikwa peke yao katika hesabu yoyote ya Kenya.

Sasa shika kalamu, tuichunguze namba hiyo. Yaishia na 4, basi ni shufwa. Ukijumlisha tarakimu zake wapata 28. Na kwa kuwa 28 haigawanyiki kwa 3, namba yenyewe pia haigawanyiki kwa 3. Igawe kwa 2, kisha kwa 7, kisha kwa 59. Utabaki na 1,399. Hapo utakwama, kwa maana 1,399 ni namba tasa. Ili kuhakikisha, yatosha kujaribu namba tasa kuanzia 2 hadi 37, kwani 38 mara 38 yapita 1,399. Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria katika Misri, alijulikana kwa njia yake ya kuzichekecha namba tasa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Basi 1,155,574 ni 2 × 7 × 59 × 1,399, wala hakuna namba tasa nyingine ziwezazo kuizaa. Watu hao wangeweza kusimama katika safu 1,399, kila safu watu 826, asibaki hata mmoja.

Lakini tuseme karani alimsahau mtu mmoja. Namba yawa 1,155,573. Sasa ni witiri. Jumla ya tarakimu zake ni 27, kwa hiyo yagawanyika kwa 9. Na vigawo vyote vinne vya kwanza vimepotea. Sababu yake ni hii: kigawo cha namba mbili zifuatanazo hugawanya pia tofauti yao, nayo ni 1. Kwa hiyo hazina kigawo cha pamoja ila 1.

Idadi ya watu ni kimoja cha vipimo vya kugawia kaunti fedha za serikali. Karani ajapo nyumbani kwenu, mtajie kila mtu aliyelala humo, mzee, mtoto mchanga na mgeni. Haba na haba hujaza kibaba.