Ng'ombe Alivyogeuka Ngómbe

Andika "ng'ombe" kwenye kompyuta ya Linux iliyowekewa mpangilio wa kibodi uitwao US International, utapata "ngómbe". "Ng'ang'ania" nayo inatoka "ngángánia". Kibodi ni nzima na wala hakuna kirusi. Katika mpangilio huo kitufe cha ritifaa kinanyamaza kwanza, kinasubiri vokali ifuate, kisha kinaibandika mkwaju juu yake. Kinafaa kwa Kihispania. Kwetu kinaua ng'ombe.

Chanzo ni cha zamani kuliko kompyuta. Taipureta ya Remington iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1874 ilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, na safu zake za vitufe ndizo tunazobonyeza hadi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, taasisi moja ya lugha za Afrika iliyokuwa London ilipendekeza alfabeti yenye herufi za ziada: ŋ, ɛ, ɔ. Kiswahili sanifu, kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu 1930, kilibaki na ng' na vokali tano. Taipureta yoyote ya Kiingereza iliweza kukiandika.

Sasa basi, nenda Genkuru, Tarime. Kikurya kina vokali saba. Wilfred Whiteley, ambaye wengi tunamjua kwa kitabu chake cha 1969 kuhusu Kiswahili kama lugha ya taifa, aliandika tasnifu yake juu ya kitenzi cha Kikurya. Msomi anayo ɛ na ɔ kwenye karatasi zake. Kijana wa Genkuru anayetaka kuandika hadithi za bibi yake anakuta e moja na o moja, anabana sauti saba kwenye herufi tano, na msomaji anabaki kubahatisha.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini menyu ni kitu kimoja na vitufe ni kitu kingine. Mipangilio ya kibodi ya Linux inatunzwa na watu wa kujitolea, na lugha inaingia pale mtu anapoiandikia faili. Kiswahili cha Kenya kimo, cha Tanzania kimo, Kikuyu kimo na ĩ na ũ zake. Ghana ina mipangilio kadhaa yenye ɛ na ɔ. Kikurya hakimo.

Kwa mwenye shida leo, hebu aanze kwa kuuliza mashine yenyewe. Fungua dirisha la amri, andika:

setxkbmap -query

Ukiona "variant: intl", ndiye muuaji wa ng'ombe. Amri "setxkbmap us" inamrudisha. Ukiona "layout: de", hiyo ni ya Kijerumani, na "kazi yangu" itatoka "kayi zangu", dawa ni ileile. Amri hii haidumu ukizima mashine, kwa hiyo badilisha pia kwenye mipangilio ya mfumo. Kwa Debian na Ubuntu faili ni /etc/default/keyboard. Na kama eneo-kazi lako linatumia Wayland, usihangaike na amri hiyo, nenda moja kwa moja kwenye Mipangilio, sehemu ya kibodi.

Kwa ɛ, kwenye programu nyingi za GNOME shika Ctrl, Shift na u, achia, andika 025b, bonyeza Enter. Kwa ɔ ni 0254. Ni kazi ya kuchosha, jamani: nani ataandika riwaya hivyo? Lakini faili ya mpangilio ni maandishi ya kawaida, mistari michache tu. Wakikuyu wanayo. Waghana wanayo. Ya Kikurya inamsubiri mtu anayejua zile vokali saba kwa masikio yake mwenyewe.